Mikia Miwili Chini ya Jiwe

Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea matumbo juu. Serikali ikawazuia wananchi kuyatumia, kisha ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ilipotoa majibu, ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza majini. Hapo ndipo mabishano yalipopamba moto. Waliokuwa wakiunyooshea kidole mgodi wa dhahabu wa jirani hawakuridhika. Wengine wakauliza: ng'ombe wamekunywa maji ya mto huu tangu enzi za mababu, iweje mto ufe mwaka huu?

Mimi ni mtu wa viumbe vya mtoni na sina nia ya kufungua kesi ile upya. Ila kuna swali lililonikaa kichwani tangu siku zile, na bado halijatoka. Kando ya mto ule zipo shule. Lau darasa moja tu lingekuwa na daftari la miaka mitano, limeandikwa mwezi kwa mwezi ni viumbe gani walikuwa wakiishi chini ya mawe ya mto, tungebishana kwa namna nyingine kabisa. Tungejua mto ulikuwaje kabla ya Machi, kama ulianza kudhoofika taratibu au ulipigwa kwa usiku mmoja, na ulichukua muda gani kupona.

Daftari la namna hiyo linawezekana, na halihitaji maabara. Linahitaji chujio, beseni jeupe, penseli na wanafunzi wasiochoka kurudi mahali palepale.

Watu wengi wakisikia "kupima maji" huwaza chupa inayopelekwa maabara. Chupa ina kazi yake, nami nitaitetea huko mbele. Lakini inachojua chupa ni dakika ile iliyochotewa maji, basi. Mto unaokwenda nusu mita kwa sekunde husafiri kilomita 1.8 kwa saa. Mtu akimwaga uchafu saa sita usiku, ikifika saa kumi na mbili asubuhi uchafu huo umeshakwenda karibu kilomita 11, na anayekuja kuchota maji mahali palepale ulipomwagwa atapata maji yanayong'aa. Atayapeleka maabara kwa uaminifu wote, na maabara itamjibu kwa uaminifu kwamba maji hayana neno.

Mdudu aliye chini ya jiwe hakuondoka usiku ule. Uchafu ulimpitia mwilini. Kama alikufa, nafasi yake ni tupu asubuhi hiyo, na huenda ikabaki tupu kwa wiki nyingi. Ndiyo maana wanaosoma mito duniani kote humwamini mdudu.

Kinachowatenganisha wadudu hawa ni pumzi. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, lakini maji hubeba kiasi kidogo mno, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba kidogo zaidi. Lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 25 hubaki kidogo juu ya 8. Sasa mwaga humo maji taka, pumba, damu ya machinjio au maganda ya kahawa. Bakteria watajitokeza kuvila vitu hivyo, na wanapokula nao huvuta pumzi. Mara nyingi samaki na wadudu hufa kwa kukosa hewa tu, bila sumu yoyote, kwa sababu bakteria wameimaliza.

Yupo mdudu mmoja asiyevumilia upungufu huo hata kidogo. Kwa Kiingereza ana jina lake. Kwa Kiswahili sijakuta jina lililozoeleka, kwa hiyo mimi humwita mikia-miwili. Ni bapa, rangi ya udongo au ya manjano, mrefu kama punje ya mchele au zaidi, na nyuma ana nyuzi mbili zinazotokeza. Matamvua yake ni vishada vidogo kwapani, penye mizizi ya miguu. Anataka maji ya baridi yanayokwenda kasi juu ya mawe, kwani mwendo wa maji ndio unaomletea pumzi. Ukimtia kwenye beseni lililotulia, baada ya muda utamwona akijisukuma juu na chini kama anayepiga pushapu, akijaribu kuyapitisha maji kwenye matamvua yake. Mwanafunzi aliyeona hilo mara moja hahitaji somo la pili kuhusu oksijeni.

Ndugu yake wa karibu kwa sura ni mikia-mitatu. Huyu aghalabu ana nyuzi tatu nyuma, na matamvua yake yamejipanga ubavuni mwa tumbo yakipepea kama majani. Huishi majini kwa miezi, kisha hupanda juu, hupata mbawa, na akishakuwa mzima hali kitu: mdomo wake haufanyi kazi tena. Hupandana, hutaga na kufa, mara nyingi katika siku moja au mbili. Kwa hiyo karibu maisha yake yote ni ya majini, na chochote kilichotokea majini amekiishi.

Upande wa pili wapo wavumilivu. Nyungunyungu wa matopeni, ruba, na yale mabuu mekundu ya vijinzi ambayo wekundu wake unatokana na himoglobini, ya jamii moja na ile iliyo kwenye damu yetu, inayomwezesha buu kukamata oksijeni hata ikiwa haba. Kuna buu jingine lenye mrija mrefu nyuma ambalo halijali kabisa maji yana nini, kwa sababu linavuta hewa kutoka juu kama mpiga mbizi. Ukikuta beseni limejaa hawa peke yao, mto huo unaishi kwa shida.

Kuugeuza ujuzi huu kuwa namba ni kazi iliyofanywa kwa muda mrefu Afrika Kusini. Wataalamu wa mito huko walikuwa na mfumo wao wa alama, ambao toleo lake la tano lilichapishwa mwaka 2002, wenye makumi ya familia za wadudu na unaohitaji jicho lililofunzwa kwa miaka. Mwaka 2004 Mark Graham, Chris Dickens na Jim Taylor wakachapisha toleo fupi waliloliita miniSASS, lililokusudiwa watu wa kawaida, wanafunzi wakiwa mbele. Makumi yale ya familia yalipunguzwa yakawa makundi 13 tu ambayo mtoto anaweza kuyatambua kwa picha na kwa kuhesabu mikia. Kila kundi limepewa alama kulingana na lilivyo tete. Mikia-miwili ana 17, ya juu kuliko wote. Mikia-mitatu wa aina nyingi wana 11, wadudu wajenzi wanaojishonea nyumba za mchanga na vijiti wana 9, kaa na uduvi 6, kereng'ende 6, konokono 4, na nyungunyungu, ruba na mabuu ya nzi 2 kila mmoja.

Utaratibu wenyewe ni wa dakika chache. Kikundi huingia mahali penye mawe na maji yanayokwenda, mmoja hushika chujio upande maji yanakoelekea, mwingine huyasugua mawe kwa mikono au kuyapekua kwa mguu ili waliojificha wabebwe na maji waingie kwenye chujio. Hupitisha chujio pia kwenye majani ya ukingoni na kwenye mchanga. Dakika 5 hivi zinatosha. Kilichopatikana humwagwa kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo, na hapo darasa zima huinama.

Kanuni moja huwashangaza wanafunzi kila mara: idadi haihesabiwi. Ruba mmoja na ruba 200 ni kundi moja, alama 2. Kinachotafutwa ni nani yupo, si wako wangapi. Tuseme juu ya daraja kikundi kimepata mikia-miwili, mikia-mitatu, mjenzi wa nyumba, kaa, kereng'ende na nyungunyungu. Jumla ni 51, makundi 6, wastani 8.5. Mita 300 chini ya daraja, baada ya mfereji wa mtaa kuingia, wamepata ruba, nyungunyungu, mabuu ya nzi na konokono. Jumla 10, makundi 4, wastani 2.5. Hakuna anayehitaji kuwaeleza kwamba kati ya sehemu hizo mbili kuna jambo. Wataanza wenyewe kutembea kando ya mto wakilitafuta, na matembezi hayo ndiyo mwanzo wa kuyaboresha maji.

Nitie neno hapa kwa walimu wa Tanzania na Kenya watakaotaka kuanza kesho. Alama za Afrika Kusini haziwezi kuhamishwa nzima nzima. Mito inayoshuka Kilimanjaro, Usambara au Uluguru ina wadudu wake, na mto wa mchanga wa tambarare hauwezi kulinganishwa na kijito cha mawe, ndiyo maana hata miniSASS yenyewe ina vipimo viwili tofauti vya kusomea wastani, kimoja cha mito ya mawe na kingine cha mito ya mchanga. Habari njema ni kwamba kazi ya kuupa mfumo huu uraia imeshafanyika: Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2015 mfumo wa alama za mito ya Tanzania, TARISS, uliojengwa juu ya ule wa kusini na kurekebishwa kwa viumbe wa huku. Ni wa kitaalamu, hauingii darasani kama ulivyo. Lakini shule iliyo karibu na chuo chenye mtu anayeujua inaweza kumwomba aje mtoni siku moja ya Jumamosi. Na hata bila mtu huyo, kulinganisha juu na chini ya mto uleule, siku ileile, kwa chujio lilelile, kunabaki kuwa ushahidi halali. Mizani inaweza kuwa na kasoro kidogo. Ikipima vitu viwili kwa kasoro ileile, bado itakuambia kipi kizito.

Turudi Mara, maana mto huo una fundisho ambalo vitabu vya klabu za mazingira huliruka. Upande wa Kenya wanaishi viboko zaidi ya 4,000. Usiku hulisha nchi kavu, mchana hujilaza majini na kunya humo. Mwaka 2018 Christopher Dutton na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba viboko hao huingiza mtoni takriban kilo 8,500 za majani yaliyosagwa kila siku. Ukame unapopunguza maji, kinyesi hicho hujikusanya chini ya mabwawa yao na oksijeni humalizika. Mvua ya ghafla ikija, tope lile lote husukumwa chini kwa pamoja, na samaki hufa kwa wingi. Hiyo si kazi ya kiwanda, wala ya ng'ombe.

Kwa nini nalisema hili katika makala inayowasifu wanafunzi wapimaji? Kwa sababu mdudu husema nini kimetokea; hasemi ni nani amefanya. Wastani wa 2.5 aghalabu humaanisha pumzi imepungua. Inaweza kuwa chemba ya maji taka imefurika, inaweza kuwa machinjio, kahawa, mifugo, viboko, au mto wenyewe umekauka hadi kubaki madimbwi. Kikundi cha wanafunzi kinachokimbilia kumtaja mkosaji kwa namba moja ya siku moja kitapoteza imani ya watu, na kitastahili kuipoteza. Kikundi chenye namba za kila mwezi, za juu na za chini, za kiangazi na za masika, kinaweza kuuliza swali lisilokwepeka: mbona kila kiangazi mto hudhoofika kidogo, lakini mwaka huu umeanguka kabisa, tena kuanzia hapa na si juu yake?

Mahali ambapo nimeona swali la namna hiyo likigeuka kuwa kazi ni Mpophomeni, mji mdogo karibu na Howick katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mabomba ya maji taka ya mji huo yamekuwa yakiziba na chemba kufurika, na kinachofurika hushuka kwenye kijito cha Mthinzima hadi bwawa la Midmar. Bwawa hilo si la kuchezea: maji yake hunywewa Pietermaritzburg na Durban. Asasi ya uhifadhi wa mito ya huko, DUCT, iliwafunza vijana wa mtaa wenyewe, wakajulikana kama Enviro Champs. Hutembea mtaa kwa mtaa, huandika chemba ipi imefurika, siku gani na mahali gani, hupeleka taarifa manispaa, kisha hurudi kuangalia kama imetengenezwa. Nyumba kwa nyumba hueleza ni nini hakipaswi kutiwa kwenye bomba: matambara, mchanga, mafuta ya kupikia. Shuleni huwapeleka watoto mtoni na chujio la miniSASS.

Ninachokipenda zaidi katika kazi yao ni kule kurudi. Kuripoti chemba iliyofurika ni jambo la siku moja. Kurudi wiki inayofuata na daftari lenye tarehe, na wiki inayofuata tena, humfanya afisa aelewe kwamba jalada hili halitazikwa. Tabia hiyo mwanafunzi anaweza kuijenga kuliko mtu yeyote, kwa kuwa njia yake ya kwenda shule inapita palepale kila siku ya Mungu, wakati mpimaji wa serikali ana wilaya nzima ya kuzunguka.

Kwa Tanzania, mahali pa kupeleka daftari hilo panajulikana. Mito yote iko chini ya mabonde 9, kila bonde na bodi yake ya maji, na chini ya bodi hizo zipo jumuiya za watumia maji ambazo wajumbe wake ni wazazi wa wanafunzi haohao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetaja umbali wa mita 60 kutoka ukingo wa mto ambamo shughuli za kudumu za binadamu hazitakiwi. Kikundi chenye futi kamba kinaweza kupima mita hizo na kuchora ramani ya kilichomo ndani yake: bustani ya mchicha, banda la nguruwe, kiwanda cha matofali, choo. Nashauri ramani hiyo ipelekwe kwanza kwenye mkutano wa jumuiya ya watumia maji, kabla ya polisi au gazeti. Mwenye banda la nguruwe ana watoto wa kulisha, na mara nyingi kinachohitajika ni kulisogeza banda au kuchimba shimo la mbolea na kupanda matete ukingoni, si kumfukuza mtu.

Sasa tahadhari, na hapa naomba walimu wasome polepole.

Ya kwanza ni kichocho. Konokono wale tunaowapa alama 4, baadhi yao ndio wanaotunza vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo huingia kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini, hasa jua linapokuwa kali kuelekea mchana. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kila familia inajua ugonjwa huo. Kwa hiyo chagua maji yanayokwenda kasi, epuka madimbwi yaliyotulia yenye majani mengi, nenda asubuhi, vaa gambuti na glavu ndefu za mpira, na kausha ngozi mara moja ikilowa. Penye mamba au viboko hapaingii mwanafunzi, hata kama somo litakosa namba ya mwezi huo. Wala usipeleke watoto mtoni baada ya mvua kubwa juu milimani. Mbali na hatari ya mafuriko, wadudu wamebebwa na maji na namba utakayopata itakuwa ya uongo. Subiri wiki mbili hivi.

Ya pili ni chujio lenyewe. Nimeona watu wakishona nyavu kutokana na chandarua. Chandarua chenye dawa kinaua mbu, na dawa hiyohiyo ni sumu kali kwa wadudu wa majini na kwa samaki. Utakuwa umekwenda kuupima mto ukauua. Tumia chujio la plastiki la jikoni, au kipande cha wavu wa dirishani usiokuwa na dawa. Na mkimaliza kuhesabu, mrudisheni kila mdudu majini palepale alipotoka, kwa upole.

Ya tatu ndiyo inayonitia hofu zaidi: mtu asome alama nzuri, akainama akanywa. Mdudu anasema kuhusu afya ya mto. Hasemi kuhusu tumbo la mtoto. Kijito cha msituni chenye mikia-miwili kila jiwe kinaweza kubeba vimelea vya kuhara kutoka kwa mbuzi mmoja aliyepita juu, na Shirika la Afya Duniani linataka bakteria aina ya E. koli wasipatikane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Wala alama haitakuambia kiasi cha floraidi, ile inayopaka meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto chini ya Mlima Meru. Kiwango cha shirika hilo ni miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania kwa miaka mingi ililazimika kukubali hadi 4 kwa sababu maeneo mengine hayakuwa na maji mengine. Hapo ndipo chupa na maabara vinaposhika zamu, na hakuna chujio la kuvibadili. Chemsheni maji ya kunywa, au tieni klorini, hata kama mto wenu umepata 8.5.

Ukitaka kuanza, chagua sehemu mbili tu: moja juu ya mtaa, moja chini. Zipe majina ambayo kila mtu anayajua, "kwenye jiwe la kufulia", "chini ya mkuyu". Andikeni tarehe, saa, kama mvua imenyesha wiki hiyo, rangi na harufu ya maji, kisha nani amepatikana. Asiyetambulika apigwe picha ya simu pembeni ya rula, aulizwe kwa mtaalamu baadaye. Msiandike jina la kubahatisha. Ukurasa wa kwanza wa daftari uchorwe ramani ya njia ya kufikia sehemu zote mbili, kwa sababu waliolianzisha watamaliza kidato cha nne na kuondoka. Kabla hawajaondoka, kila mmoja amshike mkono mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ampeleke hadi chini ya mkuyu, amgeuzie jiwe na kumwachia ahesabu mikia mwenyewe.